Veridiana na Bia ya Kupokelea Wakwe

Saa moja asubuhi, Black Rock, mjini Buffalo. Mlango wa nyuma wa kiwanda uko wazi na mvuke unatoka nje kama jikoni kwa mtu aliyealika ukoo mzima. Ndani, Veridiana amepanda ngazi fupi ya chuma, ameinamia pipa kubwa la kimea, pua yake karibu iguse uji. Anakoroga kwa mwiko mrefu kuliko yeye. Ananusa. Anakoroga tena.

"Bado," anasema bila kugeuka.

"Kipimajoto kinasema tayari," anajibu mwenye kiwanda, Bwana Pawlak, mzee wa nywele nyeupe aliyezaliwa mitaa miwili tu kutoka hapa.

"Kipimajoto hakina binti wa kuozesha."

Pawlak anacheka mpaka anakohoa. Humwita Vera, kwa sababu Marekani haina muda wa jina lenye silabi tano. Amekwisha kusamehewa. Yeye ndiye aliyemtoa kwenye kuosha matangi akamkabidhi mwiko, na hilo halisahauliki.

Kilichomo ndani ya pipa kitakuwa bia ya hopsi, yale maua ya kijani yanayoipa bia uchungu na harufu. Tofauti yake na bia nyingine za humu ni moja. Zile kubwa zina kilevi cha asilimia saba, nyingine nane. Hii haitafika tatu. Na juu ya hizo tatu kasoro ndipo ilipokaa ndoa ya binti yake, Ange.

Kwa Warundi, watu wa Veridiana, posa haisemwi na midomo mikavu. Chungu huwekwa katikati, mwenyeji hunywa kwanza ili mgeni ajue hakuna sumu, kisha wazee wa pande zote mbili huzamisha mirija yao mirefu na kuvuta pamoja. Chungu kikiisha, neno limepokelewa. Kikibaki, neno limebaki humo humo.

Mwezi wa Aprili, huko Louisville kwa ndugu zake, chungu cha Veridiana kilibaki. Kilibaki kimejaa.

Jumamosi ijayo wakwe wanarudi. Wakikataa tena, kaka yake mkubwa, Sipriani, ambaye ndiye msemaji wa ukoo tangu baba wa bibi harusi alipofia katika kambi ya wakimbizi, ameshasema atakachofanya. Gereji ya rafiki yake imejaa kreti za bia kali na chupa za wiski. "Nitaweka vinywaji vya watu wazima," alimwambia dada yake kwa simu, "na wewe utakaa chini utulie."

Veridiana hawezi kutulia. Sababu yake ina jina. Jina hilo ni Jovini.

Jovini alikuwa mdogo wao, kitinda mimba. Miaka mitatu iliyopita alimaliza zamu ya saa kumi na mbili kwenye ghala moja karibu na Okolona, huko huko Louisville, akaoga, akavaa suti, akaendesha gari mwendo wa saa tatu na nusu hadi Columbus kwenye posa ya rafiki. Akanywa kama walivyokunywa wenzake. Kesho yake alitakiwa kazini tena, na huko ukikosa siku moja wanakukata alama, alama zikiisha umekwisha. Akarudi barabarani jioni ileile. Hakufika.

Ripoti iliandika neno moja: pombe. Haikuandika zamu. Haikuandika alama. Haikumtaja aliyepanga ratiba inayomtaka mtu achague kati ya usingizi na ubinadamu wake. Ghala lilituma maua, na Jumatatu likamweka mtu mwingine kwenye nafasi yake. Watu husahau mambo haya, na wanaopanga ratiba wanategemea tusahau.

"Mimi ndiye niliyembeba mgongoni tulipokimbia," anasema Veridiana. Amekaa sasa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anakunywa chai. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikambeba mpaka Kigoma. Halafu nije kumpoteza kwenye barabara ya lami, nchi ya amani?"

Anafuta jasho kwa mkono wa shati.

"Siku tuliyomzika nikasema, hakuna mgeni atakayetoka mlangoni kwangu amelewa, ufunguo wa gari mkononi. Hata mmoja. Watu wakaniambia basi andaa soda. Soda! Mkwe hapokelewi kwa soda. Soda ni ya ubatizo."

Veridiana ana miaka arobaini na minne. Bia aliijulia kambini, kwa mama yake, aliyepika pombe ya mtama nyuma ya hema ili apate sabuni na chumvi. Mgao wa chakula ulikuwa ukipunguzwa kila mara, na kupika pombe kulikatazwa. Walinzi wakija, vyungu vilivunjwa na pombe ikamwagwa kwenye vumbi mbele ya watoto wenye njaa.

Tukumbushane vizuri, maana hadithi hii ni ya zamani kuliko kambi. Mkoloni alipofika alikuta bia ya wanawake, nyepesi, ya kunywa mchana na kuendelea kulima. Akaiwekea sheria, akaiwekea faini, akaiita uchafu. Kisha ikaja bia ya chupa kutoka kiwandani, kali kuliko ile, ikaitwa maendeleo. Leo mzee akikuambia bia isiyolewesha si bia, usimkasirikie. Uliza nani alimfundisha.

Familia ililetwa Louisville kutoka kambini mwaka 2008, ikapangiwa vyumba viwili mtaa wa Newburg. Veridiana alifunga maboksi kwa dola tisa kwa saa hadi vidole vikakataa kukunjika. Mwaka 2017 binamu alimwambia kwamba Buffalo kuna nyumba mtu wa kawaida anaweza kununua. Akaenda. Nyumba aliyoipata Black Rock ilikuwa na madirisha ya mbao na njiwa sebuleni. "Njiwa waliondoka kwa heshima," anasema. "Waliona nina watoto."

Kiwandani aliingia kuosha matangi. Leo analipwa dola ishirini na moja kwa saa, na ni mmoja wa watu wawili wanaoruhusiwa kupika.

Kuhusu bia nyepesi ya hopsi, Pawlak hakuwa na imani nayo. Alishaijaribu kabla, akaimwaga mwenyewe.

"Ilikuwa maji yenye hasira," anakumbuka. "Kilevi kwenye bia ni kama mafuta kwenye mchuzi. Huyaoni, lakini yakikosekana ulimi unajua. Ukiondoa kilevi, uchungu wa hopsi unabaki umesimama peke yake kama mfupa."

Walikaa wakaanza upya, yeye na Veridiana. Yeye akaleta alichojifunza kwa miaka thelathini: kimea kikilowekwa kwenye maji ya moto zaidi, sehemu ya sukari yake hamira haiwezi kuila, na sukari hiyo ndiyo inayobaki kuwa mwili wa bia. Veridiana akaleta ulezi, aliouotesha kwenye magunia sebuleni kwake na kuukaanga kidogo, ili kinywaji kiwe na uzito wa kitu kilichopikwa. Hopsi wakakubaliana wasizichemshe sana.

"Ni kama dhania kwenye mchuzi," anaeleza Veridiana. "Ukiitia mwanzoni inakufa. Unazima moto kwanza, ndipo unatia. Uchungu unapungua, harufu inabaki."

Mwezi wa Machi walionja tangi la kwanza. Pawlak alinywa glasi nzima, akaongeza nyingine, kisha akampigia mkewe simu aje.

Kwa hiyo Aprili ile Veridiana alikwenda Louisville kifua mbele. Bia ilikuwa nzuri. Alijua kuwa ni nzuri. Akaimimina kwenye chungu kama alivyofundishwa, wazee wakazamisha mirija ambayo Sipriani aliletewa kutoka Bujumbura, mirefu kama fimbo ya mchungaji.

Wakwe ni Wakongo, Washi wa upande wa Bukavu, wanaoishi Columbus. Kijana anaitwa Gloire Murhula, fundi wa mashine kwenye kiwanda cha vifungashio, kijana mpole ambaye siku ile alikaa kama mtu anayesubiri hukumu. Aliyemsemea ni baba yake mdogo, Mzee Bagula, mwanamume mkubwa wa kofia ya manyoya.

Mzee Bagula akavuta. Akaacha kuvuta. Akauweka mrija pembeni taratibu.

"Mama Ange," alisema, "aksanti kwa makaribisho. Lakini, bon, siye tulikuya kuomba mtoto. Hatukukuya kwa dispensaire."

Dispensaire, kwao, ni zahanati; bia ya Veridiana ilikuwa imeitwa dawa. Wazee wengine walivuta kidogo kwa adabu, wakashukuru, wakaomba maji. Saa mbili baadaye magari ya Columbus yakaondoka, na chungu kikabaki katikati ya sebule.

Ange, bibi harusi mwenyewe, ni muuguzi mwanafunzi wa miaka ishirini na mitatu. Mama yake akimsemesha Kiswahili, yeye hujibu Kiingereza. Lakini siku ile, mama yake anasimulia, alikaa sakafuni karibu na chungu na kusema kwa Kiswahili safi, "Mama, si wangekunywa tu?"

"Hapo ndipo nilipolia," anasema Veridiana. "Si kwa sababu ya wakwe. Nilidhani nimemharibia mtoto maisha kwa sababu ya kiburi changu cha kupika."

Majira yote ya joto akapika. Akapunguza hopsi, akaongeza ulezi. Akabadilisha hamira. Kila tangi Pawlak alilisifu, na kila sifa ilimwongezea hofu, kwa maana bia ya Aprili pia ilisifiwa. Siku moja Pawlak alimwambia labda wale wazee hawapendi hopsi, basi. Akamjibu, "Wanazinywa kwenye kopo wakiwa nyumbani. Nimeona makopo."

Ijumaa ya safari anapakia mapipa matatu madogo kwenye gari, barafu pembeni, blanketi juu. Ange anaendesha. Kutoka Buffalo hadi Columbus ni mwendo wa kama saa tano, na hapo watalala kwa mama wa kijana kabla ya kuendelea Louisville. Njia nzima Veridiana anasali rozari, na katikati ya mafumbo anauliza kama barafu bado ipo. Ange anajibu kwa Kiingereza kwamba barafu ipo, kwamba Mungu amesikia, na kwamba mama aache kukanyaga breki asiyo nayo.

Mama wa kijana anaitwa Charlotte. Hulea wazee wa watu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na amerudi sasa hivi kutoka zamu, miguu iko ndani ya beseni la maji ya chumvi. Hasimami kusalimia, bali anafungua mikono.

"Karibu, bamwana! Kuya unikumbatie hapa hapa. Hii miguu leo ilikufa."

Bamwana ni wazazi ambao watoto wao wameoana. Bado hawajawa. Veridiana anakumbatia hata hivyo, halafu anakaa mkao wa mtu aliyekuja kuomba radhi.

"Mama Gloire, mimi nina hofu ya kesho."

"Hofu gani? Ile bia?" Charlotte anacheka. "Bagula anaongeaka sana. Letaka nionje."

Veridiana anafungua pipa moja. Hakuna glasi karibu, glasi zimefungwa kwenye maboksi ya sherehe. Charlotte ananyoosha mkono, anachukua kikombe chake kikubwa cha kahawa, kipana mdomo, anakisuuza kwa maji ya chupa. Anajaziwa. Anakiinua, na kabla hajanywa anasita hapo, pua ndani ya kikombe.

"Mama Ange. Hii njo bia ya siku ile?"

"Ni ileile. Nimerekebisha kidogo tu."

"Hapana." Anakunywa. Anafunga macho. "Hapana, hapana. Siku ile nilivuta na mrija, nikasikia bukali tu ku ulimi. Leo harufu inakuya mbele. Sawa machungwa. Sawa majani unavunja ku mkono." Anakunywa tena. "Hii haiko bia ile. Usinidanganye, nitakuwa mukwe yako."

Veridiana anakitazama kikombe. Kisha anauliza, sauti imebadilika, kama kuna mrija wowote humu ndani.

Ipo ya plastiki, ya vinywaji vya dukani. Anachukua miwili, anachomeka mmoja ndani ya mwingine hadi upatikane mrefu, anampa Charlotte. Charlotte anavuta kwa mbali, shingo nyuma. Anakunja uso.

"Eh! Dispensaire!"

Veridiana anachukua mkasi, anakata, unabaki mfupi kama kidole. Anampa tena. Safari hii Charlotte analazimika kuinama, pua juu ya povu.

Harufu imerudi. Wanatazamana. Kisha wanaanza kucheka, mmoja maji ya beseni yanamwagika zuliani, mwingine ameshika tumbo, mpaka Ange anatoka bafuni kuuliza kwa Kiingereza nani amekufa.

Kosa lilikuwa la mrija. Bia nyepesi ya aina hii nusu ya utamu wake iko puani. Harufu ya hopsi ndiyo inayojaza pengo lililoachwa na kilevi, na bila harufu uchungu unabaki bila mwenza. Mrija mrefu unamweka mnywaji mbali na chungu, bia inaruka pua na kutua moja kwa moja kwenye ulimi. Pombe ya mtama haijali, nguvu yake iko mdomoni. Mmarekani asingefanya kosa hili kwa sababu hana mrija. Bibi yake Veridiana asingelifanya kwa sababu hakuwa na hopsi. Lilimsubiri mtu mwenye vyote viwili.

"Kiwandani nainusa kila siku," anasema, anajipiga paji la uso. "Kila siku! Halafu napeleka kwa wazee nawaambia kaeni mbali nayo."

Jumamosi, Newburg. Kwenye nyumba ya Sipriani viti vimepangwa pande mbili, mapazia yamefuliwa, sufuria za wali zinapigana na mifuniko. Veridiana anamvuta kaka yake koridoni.

"Kaka, leo tuwape vikombe. Vikombe vipana."

Sipriani, dereva wa kreni ya ghalani, mwembamba, tai imekaza shingo, anamtazama kama mtu aliyeambiwa auze kanisa.

"Vikombe? Tunaposwa, au tunakunywa chai baada ya misa?"

"Nisikilize kwanza..."

"Nilikusikiliza Aprili. Wakwe wakaondoka na kiu. Mirija ni mirija, Veridiana. Hawa watu wakisikia Warundi wametupa mirija watasema tumekuja Amerika kupotea. Na ujue kreti ziko tayari, nikipiga simu moja zinaletwa."

Anaondoka. Veridiana anabaki koridoni na rundo la mirija ya Bujumbura mikononi. Anaingia jikoni. Anafunga mlango. Wanawake waliokuwepo wanasimulia kwamba alifanya ishara ya msalaba, akachukua kisu cha nyama, akaikata yote. Aliacha upande wa chini wenye kichujio, na juu kipande kisichozidi shibiri moja.

"Mmoja wetu alipiga yowe," anasema jirani aliyekuwa akikaanga ndizi. "Mrija wa mzee! Ni kama kumkata ndevu usingizini."

Wakwe wanafika saa sita mchana. Salamu ni ndefu. Mzee Bagula amevaa kofia yake ya manyoya ingawa ni Agosti. Chungu kinaletwa, bia inamiminwa ikiwa baridi, povu linapanda. Kisha Veridiana mwenyewe analeta sinia lenye mirija, amelifunika kwa kitambaa cheupe, analiweka chini na kufunua.

Sipriani anaiangalia mirija yake. Anafungua mdomo, na kinachotoka ni Kirundi cha chini sana ambacho gazeti hili haliwezi kukitafsiri.

"Mama Ange," anasema Mzee Bagula, "mara ya kwanza mulitupatia dawa. Leo munataka tuiname?"

"Ndiyo, mzee wangu," anajibu Veridiana. Amepiga magoti. "Nakuomba uiname mara moja tu. Ukikuta dawa tena, kaka yangu ana kreti za bia kali, utakunywa unavyotaka, na mimi sitasema neno. Lakini mdogo wangu alitoka kwenye posa kama hii, mjini kwenu, akafa njiani. Sitaki nikupigie simu leo jioni usipokee."

Mzee Bagula anamtazama. Kisha anamgeukia Sipriani, taratibu, kwa raha ya mtu anayejua mila.

"Bon. Mwenyeji njo anatangulia, ao siyo?"

Ndivyo. Sipriani hana pa kukimbilia. Anachukua mrija, analegeza tai, anapiga goti moja, halafu la pili, anainama mpaka uso wake wote unaingia mdomoni mwa chungu. Sebule nzima inatazama kisogo chake.

Anavuta. Kisogo kinatulia. Anavuta tena.

Hainuki.

"Mwenyeji," anaita Mzee Bagula, "umelala?"

"Ngoja," inatoka sauti chunguni.

Kicheko kinapasuka upande wa wanawake. Mzee Bagula anavua kofia, anampa Gloire aishike, anashuka chini kwa kuugua magoti, anaingiza uso wake upande wa pili. Kunasikika kishindo. Vipaji vya nyuso vimegongana.

"Pardon."

"Samahani, mkwe."

Lakini hakuna anayetoka. Wanabaki hivyo, wanaume wawili wakubwa, paji kwa paji, wakivuta. Mzee Bagula anapoinua kichwa, povu liko kwenye masharubu. Anamtafuta Veridiana kwa macho.

"Mama Ange, dispensaire yenu inaponyesha watu." Anajifuta. "Inaleweshaka saa ngapi?"

"Haileweshi, mzee."

"Haileweshi?" Anafikiri. "Donc tunaweza kunywa yote?"

"Yote."

"Na mi mwenyewe natembeza gari?"

"Mwenyewe."

"Alors, ninyi munangoja nini? Bazee, mukuye chini!"

Wakashuka, mmoja baada ya mwingine, wenye magoti mabovu wakisaidiwa, wanne wanne kuzunguka chungu. Wakagongana vichwa, wakaombana radhi, wakatukanana kwa upole kama ndugu wanaogombea sahani. Walioapa mwezi wa Aprili kwamba bia ya hopsi ni adhabu walirudi mara tatu. Foleni ya chooni ilifika mlangoni kwa jirani. Na kwa kuwa haikulewesha, hakuna aliyelazimika kuacha, na kwa kuwa hakuna aliyeacha, chungu kilikauka kabla ya wali kuiva. Mzee Bagula akakiinua, akakigeuza juu chini mbele ya watu wote. Tone halikutoka.

Sipriani akasimama, tai begani, akasema neno limepokelewa. Ange akaitikia, mara hii kwa Kiswahili. Gloire alikuwa bado ameshika kofia ya baba yake mdogo kwa mikono miwili, na alipoambiwa sasa anaruhusiwa kunywa, pipa la mwisho lilikuwa limekwisha. Akapewa soda.

Saa kumi magari yakaondoka. Veridiana akasimama kwenye maegesho ya nyumba zile mpaka la mwisho lilipokata kona. Ndani walimwita ale, hakuingia. Walimletea kiti, hakukaa. Watu wenye akili walimwacha. Sipriani akatoka, akasimama naye, akamwambia, "Ile mirija utanilipa," na yeye akamjibu, "Nitakulipa mifupi."

Saa moja na nusu jioni simu ikalia. Ilikuwa sauti nzito ya mtu aliyechoka na aliyeshiba.

"Mama Ange, tumefika. Sote. Gari tatu. Mi njo nilitembeza mpaka hapa."

"Asante, mzee wangu."

"Uniambie tu kitu moja. Hiyo bia, ku harusi itakuwako?"

Harusi itafanyika Columbus baada ya Pasaka. Pawlak amekubali kumpa Veridiana tangi zima. Amekubali pia bia hiyo iingie kwenye ubao wa vinywaji vya kila siku, na akamuuliza kama aipe jina la mdogo wake. Veridiana alikataa. "Jovini angenicheka. Yeye alipenda kali."

Tangu Jumamosi ile amepigiwa simu na akina mama watano, wakiwemo wawili wa Okolona na mmoja wa hapa hapa Buffalo, wote wana mabinti, wote wana ndugu wanaotoka zamu na kushika usukani. Mpango wake ni kuwapikia, kila posa tangi lake, na kila chungu aende nacho mwenyewe hadi kiishe. Anahitaji gari kubwa zaidi. Anahitaji pia mirija mipya. Amegundua matete ya kutosha kando ya mto Niagara, hatua chache kutoka kiwandani, na ameanza kuyakausha kwenye kibaraza cha nyumba yake.

Na wazee wa huko mbele, wasiomjua, wenye vyeo na magoti yao? Watakubali?

Veridiana anapima tete kwa shibiri ya mkono wake, anaweka kisu, anakata.

"Watainama," anasema.